Tabora

Tabora ni mji wa Tanzania magharibi na makao makuu ya mkoa wa Tabora. Uko katikati ya nchi ya Unyamwezi, kwenye uwanda wa juu wa mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Kiutawala mji wote ni Manispaa ya Tabora, ambayo imezungukwa pande zote na wilaya ya Uyui. Wakati wa sensa ya mwaka 2012 manispaa ilihesabiwa kuwa na wakazi 226,999, na katika sensa ya 2022 walikuwa 308,741.

Katika karne ya 19 Tabora, pamoja na vijiji vya jirani vilivyoitwa kwa jumla Unyanyembe, ilikuwa kituo kikuu cha biashara ya misafara kati ya pwani ya Bahari Hindi na Ziwa Tanganyika. Njia za Ujiji, Buganda na Katanga zilikutana hapa. Leo reli za Kigoma, Mwanza na Mpanda hutegemea mji huohuo.

Jina

Wapelelezi Wazungu wa kwanza waliandika jina la mji kama Kazeh, ambalo lilikuwa jina la mtaa mmoja walipokaa wafanyabiashara Waarabu. Jina la Tabora lilishinda baadaye. Wenyeji husimulia kwamba linatokana na neno la Kinyamwezi "matobolwa", yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, kukatwa na kukaushwa juani. Chakula hicho hakiozi upesi na ni chepesi kubeba, kwa hiyo kilimfaa msafiri. Si rahisi kuthibitisha asili ya jina lolote la mji, lakini simulizi hii angalau inalingana na kazi ambayo mji huu ulifanya kwa miaka mingi.

Jina la Wanyamwezi lenyewe lilienezwa na watu wa pwani. Kwa kawaida huelezwa kuwa maana yake ni "watu wa mwezi", yaani watu wa magharibi, upande ambako mwezi mwandamo huonekana.

Jiografia

Mkoa wa Tabora una eneo la kilomita za mraba 76,151 na ndio mkoa mkubwa kuliko yote ya Tanzania. Sehemu kubwa ni tambarare yenye misitu ya miombo, vilima vya mawe hapa na pale, na mbuga za udongo mweusi zinazojaa maji wakati wa masika. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au mapema Mei, kisha hufuata miezi ya ukavu. Joto huzidi mnamo Septemba na Oktoba, kabla ya mvua za kwanza.

Hakuna mto mkubwa unaopita mjini. Maji ya sehemu kubwa ya mkoa huelekea magharibi kwa mito ya Igombe na Ugalla, huingia katika mto Malagarasi na kuishia Ziwa Tanganyika. Upande wa mashariki, huko Igunga, maji huteremka kwenye mabwawa ya Wembere katika Bonde la Ufa na hayafiki baharini kamwe. Kwa hiyo Tabora iko karibu na mgawanyo wa maji, na mji uliojengwa mahali pa namna hii hupata shida ya maji. Kwa miongo mingi wakazi walitegemea bwawa la Igombe kaskazini mwa mji, bwawa dogo la Kazima, na visima. Bwawa liliposhuka mwishoni mwa kiangazi, bei ya ndoo mtaani ilipanda. Hali ilibadilika katika miaka ya karibuni baada ya bomba kubwa kuleta maji ya Ziwa Viktoria kutoka Solwa, mkoani Shinyanga, hadi Nzega, Igunga na Tabora. Mradi huo ulijengwa kwa mkopo wa serikali ya India.

Historia

Unyanyembe na njia ya misafara

Kabla ya Waarabu kufika, Wanyamwezi waliishi katika nchi nyingi ndogo, kila moja ikiwa na mtemi wake. Biashara haikuanzishwa na wageni. Chumvi ya Uvinza, majembe ya chuma na shaba ya Katanga vilisafirishwa kwa miguu kutoka nchi moja hadi nyingine, na Wanyamwezi wenyewe walipeleka pembe za ndovu hadi pwani kabla ya wafanyabiashara wa pwani kuthubutu kwenda bara. Mmoja wa watu waliotoka upande huu, Msiri, alifika Katanga kutafuta shaba na pembe, akaishia kuwa mtawala wa nchi kubwa huko.

Mnamo nusu ya kwanza ya karne ya 19 Waarabu kutoka Zanzibar na Oman walianza kukaa Unyanyembe. Waliivutia nchi hii kwa sababu ilikuwa na chakula cha kutosha, mtemi aliyewapokea na, zaidi ya yote, wapagazi. Walijenga tembe, yaani nyumba kubwa za udongo zenye mapaa ya bapa zinazozunguka ua, wakapanda miembe na mitende, na kuoa katika familia za watemi. Baba yake Tippu Tip, Muhammad bin Juma, alikuwa miongoni mwao: alioa binti wa mtemi Fundikira. Tippu Tip mwenyewe alipita Unyanyembe mara nyingi, na habari zake zimo katika kitabu cha maisha yake alichosimulia kwa Kiswahili.

Njia kuu ilianza Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikavuka nchi kavu ya Ugogo na kufika Unyanyembe. Kutoka hapo iliendelea magharibi kupitia Uvinza hadi Ujiji, umbali wa takriban kilomita 1,200 kwa jumla. Tawi lingine lilikwenda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Mizigo iliyoingia ilikuwa nguo, shanga na nyaya. Kitambaa cheupe cha pamba kiliitwa merikani kwa sababu kilitoka viwanda vya Marekani, kaniki ya bluu ilitoka India, na shanga nyingi zilitengenezwa Venice. Zilizotoka zilikuwa pembe za ndovu, ambazo huko Ulaya na Marekani zilikatwa kuwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Pamoja nazo walitoka watu waliouzwa utumwani.

Muda wa safari ulitegemea mvua, njaa na vita. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857 na kufika Kazeh tarehe 7 Novemba baada ya siku 134. Mwenyeji wao alikuwa mfanyabiashara Snay bin Amir, ambaye aliwapa nyumba na kuwaeleza habari za maziwa ya bara. Mwaka uliofuata Speke alimwacha Burton akiwa mgonjwa hapa, akaenda kaskazini na kulifikia ziwa ambalo alilipa jina la Viktoria. Henry Morton Stanley, mwaka 1871, alisafiri kwa haraka na kutumia siku 84 kutoka Bagamoyo.

Wapagazi

Inasemwa mara nyingi, hata katika vitabu vya shule, kwamba pembe za ndovu zilibebwa na watumwa ambao waliuzwa pwani pamoja na mzigo. Jambo hilo lilitokea, hasa katika misafara iliyotoka Manyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Lakini kati ya Tabora na pwani wengi wa wapagazi walikuwa Wanyamwezi huru waliofanya kazi kwa ujira. Mwanahistoria Stephen Rockel amewaeleza kuwa miongoni mwa wafanyakazi wa kwanza wa mshahara katika Afrika Mashariki, na ushahidi wa wasafiri wa wakati ule unamuunga mkono.

Mzigo wa kawaida wa pembe ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu yake mpagazi aliongeza mkeka, chungu, silaha na chakula chake. Malipo yalipatanwa kabla ya kuondoka kwa kipimo cha nguo, na posho ilitolewa njiani. Msafara uliongozwa na kirangozi, aliyevaa mavazi ya pekee na kutangulia na bendera. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Wapagazi walikuwa na desturi na nyimbo zao, na pia walijua nguvu yao: tajiri aliyepunguza posho au kulazimisha mwendo usio wa kawaida aliamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na watu wametoweka. Kwa kijana wa Kinyamwezi safari ya pwani ilikuwa pia njia ya kuhesabiwa kuwa mtu mzima. Wengi walirudi nyumbani mwanzo wa mvua ili walime, na kwa sababu hiyo mwenye msafara aliyefika Unyanyembe katika majira ya kilimo alipata taabu kuajiri.

Hayo hayaufuti utumwa. Tabora yenyewe ilikuwa na watumwa wengi. Walilima mashamba ya Waarabu waliolisha misafara, walihudumu nyumbani, na wengine waliuzwa kuendelea pwani. Watemi na matajiri wa Kinyamwezi nao walinunua watumwa kwa faida ya pembe, hasa wanawake, ili walime wakati wanaume wako safarini. Sehemu ya wakazi wa Tabora wa leo, wakiwemo wanaoitwa Wamanyema, wana asili katika watu walioletwa au waliokuja kwa njia hii, ingawa si jambo ambalo familia hupenda kulitaja mbele ya wageni.

Vita vya Mnywa Sere na Mirambo

Ugomvi mkubwa wa Unyanyembe ulikuwa juu ya ushuru. Mtemi Fundikira alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1850, alifuatwa na Mnywa Sere, ambaye alitaka Waarabu walipe kodi kwa biashara yao. Waarabu walimpinga, wakamfukuza mwaka 1860 na kumweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sere alipigana nao porini kwa miaka kadhaa hadi alipouawa mwaka 1865.

Hatari zaidi ilitoka magharibi. Mirambo, mtemi wa Urambo, alikusanya vijana wenye bunduki walioitwa rugaruga, akaziunganisha nchi ndogo chini yake na kuikamata njia ya Ujiji. Mwaka 1871 aliifunga. Waarabu wa Tabora walikwenda kumpiga, na Stanley, ambaye wakati huo alikuwa njiani kumtafuta David Livingstone, alijiunga nao. Mashambulizi yalianza kwa ushindi na kuishia kwa kukimbia ovyo. Mwezi Agosti Mirambo aliingia Tabora, akachoma sehemu ya mji na kumwua Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu. Stanley ilimbidi azunguke kwa njia ndefu ya kusini ili afike Ujiji. Vita viliendelea kwa miaka minne hivi na bei ya pembe ilipanda hadi Zanzibar. Mirambo hakushindwa vitani. Mwaka 1876 yeye na Stanley walichanjiana damu. Alifariki Desemba 1884, na dola yake ikavunjika upesi kwa sababu ilisimama juu ya mtu mmoja.

Livingstone huko Kwihara

Baada ya kukutana Ujiji, Livingstone na Stanley walikuja pamoja hadi Kwihara, kilomita chache nje ya Tabora, mnamo Februari 1872. Stanley aliondoka Machi kurudi pwani. Livingstone alibaki katika tembe hiyo akingojea wapagazi hadi Agosti, kisha akaenda kusini na hakurudi akiwa hai. Mwaka 1873 wafuasi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliubeba mwili wake kutoka nchi ya Zambia ya leo hadi Bagamoyo, na njiani walipumzika Kwihara, ambako walikutana na Mwingereza Verney Lovett Cameron. Tembe ya Kwihara iliyofanyiwa ukarabati sasa ni makumbusho madogo. Inajulikana kama nyumba ya Livingstone, ingawa ilikuwa nyumba ya Waarabu, na ndani yake historia ya waliomjengea, waliompikia na waliombeba huchukua nafasi ndogo.

Kwihara ni mmoja wa vituo sita vya njia ya kati ya utumwa na pembe za ndovu ambavyo Tanzania iliviweka katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Vingine ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji.

Wakati wa Wajerumani

Emin Pasha alipandisha bendera ya Ujerumani mjini Tabora mwaka 1890 kwa mapatano na Waarabu. Isike, mtemi wa Unyanyembe tangu 1876, hakukubali. Alikuwa na ngome imara karibu na mji, na Wajerumani walishindwa kuiteka mwaka 1892. Januari 1893 kikosi cha Tom von Prince kilivunja kuta. Isike alipoona hakuna njia aliwasha ghala la baruti akiwa ndani pamoja na watu wa nyumbani mwake. Wajerumani walijenga boma lao mjini, na jengo hilo bado lipo.

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi mitatu ikawa ya siku mbili hivi. Kazi ya upagazi wa masafa marefu ilikufa karibu mara moja, na Wanyamwezi waliozoea kusafiri kwa ujira wakaelekea mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro.

Katika Vita Kuu ya Kwanza serikali ya koloni ilihamia Tabora. Kwa kuwa fedha hazikuweza kuletwa kutoka Ulaya, mwaka 1916 Wajerumani walitengeneza sarafu katika karakana ya reli: za shaba nyekundu na njano kwa heleri, na za dhahabu zenye thamani ya rupia 15. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Sarafu za dhahabu zilikuwa 16,198 tu, zina picha ya tembo mbele ya milima, na leo hutafutwa sana na wakusanyaji. Tarehe 19 Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo chini ya Jenerali Charles Tombeur liliingia mjini. Askari wake karibu wote walikuwa Waafrika, na vyakula na risasi zao vilibebwa na wapagazi waliokamatwa kwa nguvu, ambao wengi walikufa. Huko Brussels kuna mtaa unaoitwa Tabora hadi leo.

Wakati wa Waingereza na siasa za uhuru

Waingereza walijenga tawi la reli hadi Mwanza, lililokamilika mwaka 1928, na hivyo Tabora ikawa njia panda ya reli. Mwaka 1925 walifungua shule ya serikali kwa wana wa watemi, mahali pa kulea watawala wa kutumiwa na ukoloni. Matokeo yalikuwa mengine. Julius Nyerere alisoma huko kuanzia 1937 hadi 1942, na baada ya Makerere alirudi Tabora kufundisha katika shule ya Kikatoliki ya St. Mary's.

Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu mjini Tabora, na hapo chama kilikaribia kuvunjika. Serikali ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake iliharibika. Masharti ya elimu na kipato yaliwazuia Waafrika wengi kupiga kura. Wajumbe wengi walifika wakiwa wameazimia kususia. Nyerere alijenga hoja kwamba wakisusia, viti vyote vitachukuliwa na chama cha UTP kilichopendwa na serikali, na uhuru utachelewa. Baada ya siku za mabishano makali mkutano ulikubali kushiriki. Zuberi Mtemvu alijitoa na kuunda chama chake. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda uchaguzi wa 1958 na 1959, na hatua hiyo inakumbukwa kwa jina la "Uamuzi wa Busara".

Mtemi wa Unyanyembe wa wakati huo, Abdallah Said Fundikira, aliingia katika serikali ya kwanza ya Tanganyika kama waziri wa sheria. Mamlaka ya watemi yalifutwa mwaka 1963, na mwaka huohuo alijiuzulu. Alirudi katika siasa za ushindani miaka ya 1990.

Uchumi

Zao kubwa la fedha mkoani ni tumbaku. Ilienea baada ya Waingereza kushindwa katika mradi mkubwa wa karanga ulioanza mwaka 1947, ambao Urambo ilikuwa moja ya maeneo yake matatu pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mashamba yaliyofyekwa kwa karanga yalibaki bila kazi, na tumbaku ikachukua nafasi yake. Leo hulimwa hasa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, na mkulima huuza kupitia chama cha msingi cha ushirika. Tatizo ni kuni. Tumbaku ya mvuke hukaushwa bandani kwa moto wa siku kadhaa, na kuni hizo hutoka miombo. Kila msimu mkulima hulazimika kwenda mbali zaidi.

Misitu hiyohiyo ndiyo inayolisha zao la pili lenye sifa, asali. Maua ya miombo huipa asali ya Tabora rangi na ladha inayotambulika sokoni. Mizinga ya kienyeji hutengenezwa kwa gogo au kwa gome la mti, na mti unaochunwa gome lote hufa, kwa hiyo maofisa wa nyuki wamekuwa wakihimiza mizinga ya mbao. Chuo cha nyuki kiko mjini Tabora. Mrina asali na mkausha tumbaku kwa hiyo hutegemea miti ileile kwa namna mbili zisizopatana, na mara nyingi ni mtu mmoja.

Mengine yanayolimwa ni mahindi, mpunga, karanga, alizeti, pamba, na maembe kutoka miti ambayo mingine inasemekana ni ya wakati wa misafara. Kiwanda cha nyuzi za pamba kilichojengwa wakati wa siasa ya Ujamaa kilififia. Huko Sojo, wilayani Nzega, kuna kiwanda cha kuyavika mabomba ya bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga, kilichozinduliwa mwaka 2024.

Usafiri bado ndio uti wa mgongo wa mji. Treni za Kigoma, Mwanza na Mpanda hutenganishwa kwenye stesheni ya Tabora, na chuo cha reli kiko hapa. Barabara za lami za Nzega, Itigi na Mpanda zimepunguza upweke wa zamani. Reli mpya ya kiwango cha kimataifa nayo inapangwa kugawanyika Tabora kwenda Isaka na Mwanza kwa upande mmoja, na Kigoma kwa upande mwingine.

Dini na utamaduni

Uislamu uliingia kwa njia ya misafara na umebaki na nguvu mjini. Mapadre Weupe walifika mwishoni mwa miaka ya 1870. Kipalapala, nje kidogo ya mji, ina seminari na kiwanda cha chapa kilichotoa vitabu vingi vya Kiswahili, na Tabora ni makao ya jimbo kuu la Kanisa Katoliki. Kanisa la Moravian lina nguvu upande wa Sikonge na Urambo.

Kiswahili kilikuwa lugha ya mtaani Tabora mapema kuliko miji mingi ya bara. Katika muziki wa dansi mji ulitoa bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, ambayo mwimbaji wake Shem Karenga alijulikana nchi nzima. Klabu ya mpira wa miguu ya Tabora United iliingia Ligi Kuu msimu wa 2023/24 na kucheza katika uwanja wa Ali Hassan Mwinyi.